Gari la bei nafuu ng'ambo ya mpaka: pima hati kabla ya bei

Kila anayefanya biashara ya mpakani hufika siku ambayo mzigo unazidi bodaboda na basi. Mama wa vitunguu, kijana wa vitenge na mzee wa dagaa wote hupiga hesabu ileile: nauli na kukodi vinakula faida, heri ninunue gari langu. Ni hesabu halali. Mwenye gari huondoka alfajiri bila kumsubiri mtu, hukaa sokoni mpaka bei ikae sawa, na hurudi na mzigo mwingine badala ya kurudi mikono mitupu.

Hata hivyo, ununuzi huohuo umewafilisi wengi. Mtaji wa miaka mingi unaingia kwenye gari moja, na gari likizuiwa forodhani au injini ikifa, biashara nayo inasimama. Kwa anayevuka mipaka hatari ni mbili. Liko gari bovu, na liko gari zima lenye hati mbovu. La kwanza fundi atalishughulikia. La pili halina fundi.

Gazeti hili linashauri wafanyabiashara wabadili mpangilio wa maswali. Gari la mkononi lipimwe kwanza kwa hati zake, pili kwa chuma chake, na bei ije ya tatu. Tunasema pia kwamba serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina wajibu wa kumrahisishia mnunuzi kazi hiyo, kwa sababu leo imeachwa mikononi mwa madalali.

Kwa nini ng'ambo huonekana nafuu

Bei ya gari imebeba sheria na kodi za nchi lilipo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na kila Januari mosi mwaka mmoja huondolewa kwenye orodha ya magari yanayokubalika. Uganda tangu Oktoba 2018 imefunga mlango kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Tanzania haijaweka marufuku ya umri, bali hutoza ushuru wa uchakavu: kwa magari madogo ya abiria asilimia 15 yakiwa na umri wa miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 yakipita miaka 10.

Ndiyo maana mtu akitoka Nairobi akaenda Arusha hukutana na magari ambayo kwao hayaingii tena, tena kwa bei inayovutia. Dalali atamwambia, "Bosi, hili ukilivusha tu Namanga umepata faida." Asichomwambia ni kwamba upande wa pili gari hilo halitapata namba za Kenya, kwa kuwa umri wake umeshapita. Atabaki na gari lisilosajilika kwao, na akitaka kulirudisha sokoni Arusha, yule aliyemuuzia ndiye atakayempangia bei.

Wengi huamini kwamba umoja wa forodha ulioanza mwaka 2005 ulimaliza mambo haya. Haukuyamaliza. Gari lililolipiwa kodi Nairobi halihesabiwi kuwa limelipiwa Arusha, na la Kampala halihesabiwi kuwa limelipiwa Kisumu. Linapohamishwa ili litumike nchi nyingine, mamlaka ya mapato ya huko hulikadiria kama gari linaloingia.

Tupige hesabu kwa mfano wa Tanzania. Chukua gari dogo la cc 1,500 lenye umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo forodha imelithamini dola 3,000 pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 750, hivyo tumefika 3,750. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo ni dola 187.50. Ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 ni dola 1,125. Juu ya jumla hiyo inakaa VAT ya asilimia 18, yaani dola 911.25. Gari la dola 3,000 limekuwa la dola 5,973.75, kabla ya tozo ndogondogo, wakala wa forodha na usajili. Kodi imekaribia kulingana na gari lenyewe.

Usidhani risiti ya bei ndogo itakuokoa. TRA ina viwango vyake vya thamani ya magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kipo kwenye tovuti yake kwa kila mtu. KRA ya Kenya huanzia kwenye bei ya gari jipya la aina hiyo, kisha hupunguza kulingana na umri. Mtu aliyeandikiwa risiti ya uongo hulipa kodi ileile, na juu yake huongeza kosa la kudanganya. Zaidi ya hayo, viwango hubadilika na bajeti, ambazo kwa Kenya, Uganda na Tanzania huanza kutumika Julai mosi. Anayeagiza gari Mei likafika Julai afanye hesabu mbili.

Usukani nao ni sheria. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha upande wa kushoto wa barabara; Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini wanaendesha upande wa kulia. Burundi imejaa magari ya usukani wa kulia yaliyopitia Dar es Salaam, lakini Rwanda haiyakubali magari madogo ya namna hiyo, na Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto. Mfanyabiashara wa Kigali anayeona Fielder ya bei poa Mwanza, au wa Busia aliyeahidiwa gari kutoka Bukavu, aulize usukani kabla ya kuuliza rangi.

Mitego mitatu ya hati

Mtego wa kwanza ni gari la IT. Haya ni magari yanayoshushwa bandarini na kuendeshwa kwenda nchi jirani bila kulipiwa kodi ya nchi yanamopita. Wapo wanaoyauza njiani, usiku, kwa nusu bei, na ahadi kwamba hati zitafuata. Hati hazitafuata. Gari la IT lililokwepeshwa ni mali ya magendo, na mamlaka zikilikamata hutaifishwa bila kujali umelipa kiasi gani wala ulikuwa na nia gani.

Mtego wa pili ni gari la kibali cha muda. Mgeni anapovuka na gari la nchi yake hupewa kibali chenye tarehe ya mwisho, kwa sharti la kulirudisha. Akikuuzia gari hilo ndani ya nchi yako, amekuuzia sharti alilovunja. Utaendesha ukiwa na namba za kigeni, na kila kizuizi cha barabarani kitakuwa cha wasiwasi. Wako wafanyabiashara wanaoishi hivyo, wakilipa kidogo hapa na kidogo pale. Wangejumlisha hicho kidogo cha mwaka mzima, wengi wangekuta kimetosha sehemu kubwa ya kodi waliyoikwepa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Mtego wa tatu hauhitaji mpaka. Ni kununua gari na kuliacha kwenye jina la mtu mwingine. Muuzaji anakupa kadi, au logibuku kama wasemavyo Kenya, pamoja na fomu aliyoitia saini, nawe unaahirisha kubadili umiliki ili kuokoa ada. Siku muuzaji akifariki, warithi wake wanaona gari la baba. Siku akidaiwa, wadai wanaona mali yake. Siku wewe ukigonga mtu, polisi wanamtafuta yeye. Na ukifika mpakani na gari lisilo na jina lako, utaulizwa barua ya mwenye gari. Pesa ya mwisho kwa muuzaji itoke siku umiliki unapohamishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata amana, fanya mambo haya. Tafuta jina la mwenye gari kwenye kumbukumbu rasmi: Kenya ni NTSA, Tanzania ni TRA. Usiridhike na nakala aliyokupa dalali. Angalia kama kadi ina jina la benki au kampuni ya mikopo, maana gari lenye deni huuzwa na mwenye deni huku mwenye haki akilitafuta. Soma namba ya chasisi kwenye gari lenyewe, uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na kadi. Ikiwa imekwanguliwa, imechomelewa au imefunikwa kwa rangi mpya, funga mlango uondoke. Kagua pia faini, kwa kuwa Tanzania deni la makosa ya barabarani hufuata namba ya gari, na atakayedaiwa ni wewe uliyeko kwenye usukani.

Anayeagiza moja kwa moja kutoka Japani aombe karatasi ya mnada na cheti cha kusafirisha gari nje. Kwenye karatasi ya mnada, daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la kawaida lenye alama za matumizi, na R au RA ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Gari la R si lazima liwe baya, lakini bei yake haipaswi kuwa ya gari la 4. Cheti cha kusafirisha nje huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa Japani. Ikiwa cheti kinasema kilomita 140,000 na dashibodi inasema 78,000, kuna mtu amerudisha mita nyuma. Na malipo yaende kwenye akaunti ya benki ya kampuni inayouza, kamwe yasiende kwa mtu binafsi aliyekutumia picha kwenye simu.

Chuma nacho kikaguliwe

Hati zikikaa sawa, mpeleke fundi wako. Tunasema wako, yaani uliyemchagua na kumlipa wewe, asiyejuana na muuzaji. Ada yake ya ukaguzi ni ndogo ukiilinganisha na giaboksi moja.

Nenda asubuhi na uombe gari lisiwashwe kabla hujafika. Injini ya baridi husema ukweli. Shika boneti, ikiwa ya moto, kuna kitu kilikuwa kinafichwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto huashiria maji yanaingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama maziwa, gasketi ya silinda hedi imeshaondoka. Tazama rejeta: maji yenye kutu yanakuambia gari limeendeshwa bila kuleanti, na hilo ndilo chanzo cha injini nyingi kuchemka kwenye miinuko yetu.

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa za onyo kwenye dashibodi lazima ziwake, kisha zizimike gari likiwaka. Taa ya injini au ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa imeng'olewa ili usione kasoro. Inua kapeti; tope kavu na kutu kwenye reli za viti ni dalili za gari la mafuriko. Chungulia chini, kutu nzito kwenye chasisi huwa ni zawadi ya chumvi inayomwagwa barabarani kwenye mikoa ya theluji. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini iliyozeeka hupasuka ikiwa na mzigo.

Kwa mfanyabiashara, gari la kuchagua ni lile ambalo spea zake ziko kila mahali. Injini ya 1NZ ya Toyota, kwa mfano, imewekwa kwenye Probox, Fielder na baadhi ya Premio na Allion, na hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Likikuharibikia njiani, fundi wa mji mdogo ameshalifungua mara nyingi. Gari la kifahari lisilo na ndugu barabarani litakulaza lojing'i ukisubiri spea kwa basi, na nyanya hazisubiri.

Jingine ni uzito. Probox ya mizigo imeundwa kubeba kilo 400 hivi, ikiwa na dereva na abiria mmoja. Kirikuu, yaani Suzuki Carry na wenzake, ni kilo 350. Hiyo ni magunia 7 ya kilo 50. Kila mtu amewahi kuona kirikuu limebeba 15. Linakwenda, ndiyo, lakini springi, bushi, beringi, klachi na breki hulipa tofauti hiyo, na siku breki zikikataa kwenye mteremko watalipa watu. Ikiwa mzigo wako wa kawaida ni tani moja, mahitaji yako ni gari la tani moja, hata kama itabidi usubiri msimu mwingine kulinunua.

Gari hula kila siku

Wengi hununua gari kwa pesa yote waliyonayo, wakasahau kwamba linaanza kudai siku ya kwanza. Ikiwa tairi nne zinakugharimu shilingi 600,000 za Tanzania na unazibadili kila kilomita 40,000, kila kilomita inakula shilingi 15 za tairi. Ikiwa oili na filta ni shilingi 120,000 kila kilomita 5,000, ongeza shilingi 24. Safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 400 imekula shilingi 15,600 kabla hujaweka mafuta, breki, bima wala maegesho. Asiyetenga pesa hiyo kila safari ataitoa kwenye mtaji siku gari likilala. Andika kilomita na gharama kwenye daftari lilelile unaloandikia mauzo. Baada ya miezi mitatu utajua kama gari linakulisha au unalilisha.

Bima nayo ina mpaka. Bima ya kawaida ya nchini kwako haitoshi ng'ambo. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia inaitumia ingawa si mwanachama wa COMESA, hulipia madhara utakayowasababishia wengine katika nchi zinazoitambua. Haitengenezi gari lako wala hailipi mzigo wako. Kabla ya kuvuka, muulize wakala wa bima swali moja: nikipata ajali upande wa pili, gari langu linalipwa? Jibu alitoe kwa maandishi.

Deni la serikali

Mfanyabiashara akifanya yote haya bado anabaki na tatizo ambalo si lake. Nchi zetu zina umoja wa forodha wa miaka zaidi ya 20, lakini hakuna mahali pamoja anapoweza kusoma, kwa lugha anayoielewa, gari gani linaruhusiwa wapi, kwa umri gani na kwa kodi ipi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya tangu 2021. Hatua ya kwanza ni rahisi na haihitaji mkataba mpya: jedwali moja la Kiswahili, lenye masharti ya kila nchi mwanachama, libandikwe Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Rusumo na Kabanga, na libadilishwe kila bajeti inapopita.

Hatua ya pili ni kumwezesha mnunuzi wa nchi moja kuhakiki gari la nchi nyingine. Mamlaka za mapato tayari hubadilishana taarifa za mizigo inayopita. Mnunuzi wa Kabale anayetaka kujua kama gari la namba za Tanzania limeibwa, lina deni au ni la IT, apate jibu kwa ada ndogo na kwa simu yake. Kila gari la magendo linalokosa mnunuzi ni kodi iliyookolewa, kwa hiyo serikali haitapoteza kwa huduma hiyo.

Hatua ya tatu ni ngumu zaidi: kukubaliana juu ya umri. Maadamu nchi moja inasema miaka 8, nyingine 15 na nyingine haina kikomo, gari chakavu litaendelea kutafuta njia ya kupita vichochoroni. Hatudai nchi zote zichukue kiwango cha Kenya kesho asubuhi. Gari la umri huo ni ghali kwa mkulima na mchuuzi. Tunadai ratiba inayojulikana, yenye miaka ya kutosha, ili aliyenunua leo asikute keshokutwa gari lake limegeuka haramu upande wa pili.

Mpaka hayo yatimie, mnunuzi atabaki mlinzi wa mtaji wake mwenyewe. Dalali akikuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine njiani, mwache mteja huyo alichukue. Magari yapo mengi, na meli nyingine inashusha mengine. Mtaji wako ni mmoja. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: fungua gunia, soma kadi, linganisha chasisi, piga hesabu ya kodi ya nchi litakakotumika, ndipo mzungumze bei.